Muhuri Uliotangulia Barua

Matanga ya Papa Sebuhoro yalifanyika hapa Mapendo, mtaa wetu wa Goma, nyumbani kwa binti yake Chantal, nami nilifika mapema, maana katika umri huu wangu mtu hana tena haraka ya kitu chochote isipokuwa matanga. Nilipewa kiti cha plastiki karibu na ukuta na kikombe cha chai ya tangawizi, nikaketi nikitazama mlango. Wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za parokia kwa sauti ya chini, vijana walikuwa wanafunga turubai kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani, na akili yangu yote ilikuwa kwenye mlango ule. Nilijua Kavira atakuja. Alikuwa amenipigia simu akiwa njiani, akitokea Butembo kwa ile njia ya kuzunguka ambayo siku hizi kila mtu wa kule anaijua: unatoka nchini, unapita nchi za watu, kisha unaingia tena kwenu kama mgeni. Alipoingia, kitambaa kichwani na mkoba kwapani, nilimtambua kwa mwendo kabla ya kumwona uso. Tulikumbatiana, tukalia kidogo kwa ajili ya marehemu na zaidi kwa ajili yetu wenyewe, kisha tukatazamana, tukaanza kucheka. Kucheka matangani ni aibu, na vikongwe wawili kucheka matangani ni aibu zaidi, lakini hatukuweza kujizuia.

Chantal alitukaribia kwa upole, kama mtu anayekaribia wagonjwa. "Bamama, papa mulimujulia wapi?" akauliza.

"Ku posta," akasema Kavira. "Posta ya Nyamushaka. Weye ulikuwa bado kuzaliwa."

"Mulikuwa munatumika kazi naye?"

"Hapana," nikasema mimi. "Tulikuwa tunakusanya kashe yake."

Akatutazama, akatabasamu kama binti aliyelelewa vizuri, akaenda kutuletea chai nyingine. Alifikiri tumechanganyikiwa. Simlaumu, kwa sababu hata wakati ule, tulipokuwa wasichana wa shule wenye akili zetu timamu, watu walifikiri hivyo hivyo.

Mwaka ninaousema ni ule wa mwisho wetu wa sekondari, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Sitaeleza nani alinizaa wala kwa nini nilitumwa kukaa mjini; kila mtu ana yake ya namna hiyo. Ninachotaka kueleza ni chumba. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya mbao ya Mama Zawadi, mjane aliyepika maandazi ya kuuza, na kilikuwa na vitanda viwili, meza moja yenye mguu uliotegemezwa kwa jiwe jeusi la volkano, na dirisha la ubao ambalo halikufunga sawasawa, hata asubuhi ya baridi tukawa tunaamka pua zikiwa barafu. Nyumba ile haipo tena. Lava iliposhuka mjini miaka mingi baadaye iliifunika pamoja na choo chake na mti wake wa parachichi, na leo juu yake kuna nyumba nyingine, na wenye nyumba hiyo hawajui wamelala juu ya nini. Harufu ndiyo ninayoikumbuka kuliko vyote: mafuta ya maandazi, makaa, na gundi ya stempu. Kati ya chumba chetu na sebule kulikuwa na ukuta wa mbao zilizokauka zikaachana, kiasi kwamba kusikiliza mazungumzo ya wakubwa hakukuhitaji ufundi wowote. Ungehitaji ufundi ili usisikilize, na sisi hatukuwa nao.

Stempu zilikuja na Kavira. Alifika kutoka kwao Butembo na albamu ya picha isiyo na picha hata moja, na jioni ya kwanza akaniambia bila aibu kwamba ndani yake ataweka tembre, ndivyo tulivyoziita stempu, kutoka kila posta ya wilaya zetu zote. Nilidhani anapenda picha, kwa maana stempu za wakati ule zilikuwa na ndege, samaki na maua mazuri ajabu. Hapana. Kavira hakujali ndege. Alichotaka ni kashe, ule muhuri wa duara wenye jina la mahali na tarehe, ambao mtu wa posta anaugonga juu ya stempu ili isitumike mara ya pili. Rutshuru, Masisi, Walikale, Lubero: kila posta ilikuwa na muhuri wake, mmoja una herufi nyembamba, mwingine umelika ukingoni, mwingine unavuja wino kama pua ya mtoto. Tulizunguka sokoni tukiomba bahasha kwa wafanyabiashara wa maharage. Watu wenye moyo mwema walitutafutia stempu mpya, safi, na Kavira aliwarudishia akisema, "Asante, mama, lakini mimi napenda yenye uchafu," nao wakamtazama kwa huruma.

Bahasha tulikata pembe, tukaziloweka katika sahani ya bati mpaka stempu ziachie karatasi, kisha tukazikausha kwenye kitambaa karibu na mbabula, lile jiko la makaa la Mama Zawadi. Hapo ndipo vita vilipoanzia. Papa Anselme, mdogo wake Mama Zawadi, alifanya kazi ya kupanga barua katika posta ya mjini, na kila Jumapili alikuja kula kwa dada yake. Jumapili moja, katikati ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, akatoa kitu mdomoni, akakiweka kwenye ukingo wa sahani, akakitazama kwa muda. Kilikuwa tembre ya Walikale.

"Dada," akasema, "ku kazi zinanichosha, na hapa pia unanipikia?"

Mama Zawadi aliapa kwamba angetufukuza sote wawili, na kesho yake akatununulia sahani nyingine ya bati ili tusiguse tena zake. Ndivyo alivyokuwa. Maneno yake ungeyaogopa, lakini mikono yake ilikuwa inafanya mambo mengine kabisa, na mimi nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Sasa Nyamushaka. Ni kijiji kidogo juu mlimani, unapita Kibati, unaendelea, kisha unaacha barabara kubwa na kupanda. Mama Nyota, jirani yetu aliyefanya biashara ya kabichi, alipanda huko kila wiki na kushuka na gari lililojaa, na Kavira alimwomba amnunulie tembre katika posta ya huko ili tuzibandike kwenye barua na kuzituma, tupate muhuri. Mama Nyota alirudi na stempu, akazitoa kwenye pindo la kitenge chake, na Kavira akabaki mdomo wazi. Zilikuwa mpya, gundi nyuma nzima kabisa haijaguswa na ulimi wa mtu, na mbele zilikuwa tayari zimegongwa muhuri. Nne kati yake zilikuwa bado zimeshikana, na muhuri mmoja umetua katikati, kila stempu imepata robo yake ya duara, na jina la Nyamushaka limekaa vizuri juu ya zote nne.

"Bamekuibia, mama," Kavira akasema. "Hizi bamekwisha kutumia."

"Nani ameniibia?" Mama Nyota akaja juu. "Chef wa posta mwenyewe alinipatia. Pale njo zinakuwaka hivi. Kila mutu anabandika, barua inaenda."

Usiku huo Kavira alizungumza habari za gundi ile mpaka nikalala. Jumamosi iliyofuata tulipanda gari la kabichi, likiwa tupu, tukiwa tumekaa juu ya magunia makavu, vumbi jeusi likitujaa meno. Posta ya Nyamushaka ilikuwa chumba kimoja mbele ya nyumba, na nyuma yake vyumba viwili ambamo chef wa posta aliishi na mke wake, na nyuma zaidi shamba la viazi lililopanda kilima. Chef huyo, mkuu wa posta, ndiye Papa Sebuhoro, mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la kazi lililofifia rangi na kalamu mbili mfukoni. Siku ya soko ilikuwa imemjazia watu hadi barabarani. Alikuwa anauza tembre kwa mkono mmoja na kupokea vifurushi kwa mwingine, akiamkia kila mtu kwa jina, na hakugonga muhuri hata mara moja. Watu walipopungua, Kavira alimwonyesha stempu zake na kumwuliza moja kwa moja kwa nini anagonga kabla.

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amengoja miaka mingi mtu amwulize. "Aya, muikale," akasema, akatusogezea benchi. "Angalia, mutoto yangu. Siku ya soko niko mimi moya. Nikianza kupiga kashe ku barua moya moya, ule mama wa nyuma kabisa atarudia kwake na barua yake. Kwa hiyo Ijumaa nakaa, napiga karatasi yote ya tembre, naweka tarehe ya Jumamosi. Ile ni moya. Ya pili." Akashusha sauti. "Hapa mutu ananunua tembre leo, barua ataandikiwa nyuma ya siku nyingi, mwalimu akipata wakati. Ataipatia mutu wa gari ashuke nayo. Sasa mu njia, kama tembre haina kashe, kuko wenye vidole. Banabandua, banauza tena. Barua inafika wapi bila tembre? Inatupwa. Kulikuwa mama moya hapa, aliandikia mutoto wake wa Kisangani mara na mara, akaniuliza kama mutoto amekufa. Mutoto alikuwa muzima. Toka siku ile, tembre haitoke hapa bila kashe."

Mke wake alituletea viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye jani la mgomba, tukala hapo hapo posta, vumbi na yote. Nimekula mengi tangu siku hiyo, harusini na kwenye meza za wakubwa, na viazi vile bado vina nafasi yao ya juu. Kavira hakula sana. Alikuwa anamtazama Papa Sebuhoro akifuta muhuri wake kwa kitambaa, herufi moja moja, kama mama anayemfuta mtoto masikio, na nilijua kwamba mkusanyaji huyu amepata mtu wake. Tangu hapo Mama Nyota alituletea stempu za Nyamushaka kila aliposhuka, na Kavira akazipa ukurasa wake peke yake katika albamu, ukurasa wa kati, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuushika, hata mimi.

Habari mbaya ilipitia mbao za ukuta, kama habari zote za mwaka ule. Papa Anselme alikuwa amekula sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa, wale wa soko la Kituku wa asubuhi, na alikuwa anamweleza dada yake mambo ya kazi huku akitafuna. Alisema wakubwa wamekaa wakatazama posta ndogo ndogo, na ya Nyamushaka itafungwa. Watu wanatuma barua Jumamosi tu, na gunia linaloshuka ni jepesi mno, mtoto anaweza kulibeba kwa kidole.

"Na ule chef wake?" Mama Zawadi akauliza.

"Ataacha kazi. Na nyumba, sababu nyumba ni ya posta. Atarudia ku kwao, kama bado iko ku kwao."

Tulitazamana kutoka kitandani hadi kitandani. Kavira alikuwa ameshikilia blanketi kwa mikono miwili. "Atapeleka bibi wake wapi?" akanong'ona. Mimi nilikuwa naona lile shamba la viazi likipanda kilima.

Sijui leo ni nani kati yetu aliyelisema kwanza. Matangani kila mmoja alimsukumia mwenzake sifa. Kama gunia ni jepesi, lijazwe. Wa kulijaza tulikuwa nao: avenyu nzima ya Mapendo iliyojaa watu wenye maneno mengi. Tulianza na Mama Zawadi, tukamwambia aandike barua kwa jirani yake wa ng'ambo ya njia, aliyekuwa amenuniana naye kwa ajili ya zamu ya bomba la maji. Alishangaa. "Niandike barua kwa mutu mwenye naona mulango wake?" Ndiyo, tukasema, lakini barua ipande kwanza na Mama Nyota mpaka Nyamushaka, ibandikwe tembre huko, ishuke na gunia. Alikataa mchana, na jioni akaniita nimwandikie. Alisema mengi katika barua ile, mengine makali, na mwishoni akaongeza kwamba mtoto wa jirani amepona kikohozi na kwamba amefurahi. Jibu lilipanda mlimani, likashuka. Wiki ile ile nikawakuta wamesimama bombani pamoja, wakizungumza juu ya bei ya sabuni, na hakuna aliyetaja barua yoyote.

Baada ya hapo mchezo ule ulituponyoka. Fundi cherehani aliwaandikia wateja wake waliochelewa kuchukua nguo. Katekista aliandika barua kwa wanakwaya waliokosa mazoezi. Kijana mmoja alimwandikia msichana aliyekuwa akipita mbele ya mlango wake kila siku, na huyo akamjibu kwamba asimwandikie tena, naye akaiweka barua hiyo mfukoni kwa miezi. Watu walipenda kungoja. Jambo dogo la jirani, likishazunguka mlima na kurudi na muhuri, lilikuwa limepata heshima. Papa Anselme alianza kulalamika mezani kwamba gunia la Nyamushaka linamvunja mgongo, na sisi nyuma ya mbao tukabana vicheko kwenye mito.

Kumbe tulikuwa tunamwandalia Papa Sebuhoro balaa. Barua zilipomzidi, naye hakujua zinatoka wapi wala kwa nini, alianza kugonga tembre za soko mwanzo wa wiki badala ya Ijumaa, na hakuona vizuri kuzilundika barua hadi Jumatatu, siku ya kawaida ya gunia. Siku moja gari zuri lilipita katikati ya wiki, akalikabidhi gunia lishuke nalo. Kwamba kila tembre ndani yake ina tarehe ya Jumamosi inayokuja, alisahau, au hakuona kama ni neno. Alhamisi, katika posta ya mjini, mbele ya mkubwa wake, Papa Anselme alifungua gunia na kukuta barua zilizofika kabla ya kutumwa.

Jumapili alikuja bila kucheka. Alisema enspekteri, mkaguzi wa posta, atatumwa, atakaa Goma kwa muda, atatazama kila gunia kutoka Nyamushaka, kisha atapanda mwenyewe. Halafu akageuza kiti chake kuelekea ukuta wetu na kusema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa dada aliyekaa karibu naye: "Barua ya gunia moya, ni kosa. Kila mutu anaweza kukosea tarehe. Lakini enspekteri akipata tembre moya tu, moya, yenye kashe mbele na gundi nyuma, haiko tena kosa. Ni mazoea. Ule muzee amekwisha. Na nasikia mu Mapendo kuko batoto banakusanyaka mambo ya vile."

Tulimsikia Mama Zawadi akimwongezea maharage.

Kavira alichomoa albamu chini ya godoro, akaifungua ukurasa wa kati juu ya magoti yake. Stempu za Nyamushaka zilikuwa zimejaa mistari yote, na zile nne zilizoshikana zilikuwa katikati, na mwanga wa dirisha ulikuwa unaziangukia. Niliuliza kama tuzichome. Nilisema polepole, kwa sababu nilijua nauliza nini.

"Sababu gani nichome?" akasema. "Gundi iko. Bado nzima. Zitaenda."

"Tarehe zake ni za zamani."

"Ya zamani haina kosa, Furaha. Kosa ni ya kesho."

Avenyu ilikuwa imeingiwa na hofu, hakuna tena aliyetaka kuandika, na gunia lingeshuka jepesi wakati ule ule enspekteri anapolipima. Kwa hiyo tuliandika sisi. Tulikaa mezani siku baada ya siku baada ya shule, yeye upande huu, mimi upande ule, tukawaandikia watu wote wa Mapendo waliowahi kutufanyia wema, na baadhi ya waliotufanyia ubaya. Mwalimu wa kemia alipata barua ya shukrani ambayo nadhani ilimtia wasiwasi. Bibi mmoja asiyejua kusoma alipata yake, na ilipofika tukaenda kumsomea. Kila barua ilipokamilika Kavira alichomoa stempu moja kutoka kwenye ukurasa, akailamba, akaibandika, akaibonyeza kwa kidole gumba, kisha akavuta karatasi nyingine. Midomo yetu ilikuwa na ladha ya gundi hata kwenye chakula. Mama Nyota alizipandisha bahasha zile chini ya magunia yake matupu, na Papa Sebuhoro, aliyekwisha kupewa habari za enspekteri, akawa anauza tembre zilizobaki na kumtaka kila mnunuzi abandike pale pale mbele yake. Mpya hakugonga tena kabla.

Zilipobaki zile nne zilizoshikana, nilimwomba aziache. Nilisema tutazificha kwenye dari, kwenye unga, popote. Kavira alitikisa kichwa. Aliandika barua akiwa amenipa mgongo, akabandika zote nne pamoja bila kuzitenganisha, akaandika jina langu juu ya bahasha. Mwaka mzima ule hakuna mtu aliyekuwa ameniandikia. Iliposhuka kutoka mlimani na Papa Anselme akaniletea mkononi, niliifungua pale pale mlangoni. Ndani kulikuwa na mstari mmoja tu: leo ni zamu yako kuchota maji. Nilimkimbiza kuzunguka nyumba nzima.

Enspekteri alikuja kula kwetu Jumapili moja, kwa mwaliko wa Papa Anselme, na sisi tulilala chali nyuma ya mbao, tukiwa tumeshikana mikono. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyesifu sambaza kwa dhati. Alikula kwanza. Kisha akasema ametazama magunia ya Nyamushaka wiki zote hizo.

"Barua za huku kwenu, kashe zake ni za miezi na miezi."

"Njia, chef," akasema Papa Anselme. "Mvua."

"Ah, mvua." Tulimsikia akitafuna. "Ile haina shida. Nimetumika ku posta tangu ujana, ya kuchelewa najua. Ile ya kufika mbele ya tarehe njo ilinitoa usingizi. Lakini nilipanda, nimeona mutu anapiga kashe vizuri, tembre ikiisha kubandikwa, kama sheria. Alikosea tarehe siku moya. Nimemupatia onyo. Na gunia iko nzito. Posta ya gunia nzito, nani atafunga?" Akaomba tena sambaza. Kavira alikuwa ameuma kona ya blanketi, na machozi yalikuwa yanaingia masikioni mwake kwa jinsi alivyolala.

Papa Sebuhoro alishuka wiki chache baadaye, bila kutangulia kusema, na kabichi mbili kubwa chini ya makwapa. Alikuwa amevaa koti jingine, la kanisani. Mama Zawadi alimketisha sebuleni, na safari hii tuliitwa upande ule wa ukuta. Alikunywa maji, akaulizia wazazi wetu na mitihani, kisha akasema kwamba alizitambua. Kila bahasha ya Mama Nyota ilipopita mikononi mwake, alizitambua stempu zake za zamani, moja baada ya nyingine. Akaomba aione ile albamu.

Kavira alienda kuileta taratibu sana. Akaiweka juu ya magoti ya mzee na kufungua ukurasa wa kati mwenyewe. Haukuwa na kitu. Ilikuwa karatasi nyeusi yenye alama hafifu za miraba mahali stempu zilipokaa. Mzee aliutazama hata nikaanza kuona haya kwa niaba ya Kavira. Kisha akaweka kidole kwenye mraba wa kwanza. "Hii ilikuwa ya soko ya Pasaka," akasema. "Wino ilikuwa mingi." Akasogeza kidole. "Hii, ya siku mvua ya mawe ilianguka, watu bote balikimbilia mu posta." Aliendelea hivyo, mstari kwa mstari, na pale alipokosea au kubuni, hakuna aliyemsahihisha.

Alipomaliza aliifunga albamu, akaiweka mezani, akaacha mkono juu yake. "Bibi yangu alikatala kupanda shamba," akasema, hakututazama. "Tangu alisikia kwamba bataifunga posta, aliweka jembe mu nyumba. Asema hatapanda viazi vitakavyoliwa na mutu mwingine. Nilimuomba, nilimukaripia, alikatala." Akapangusa uso kwa kiganja. "Leo asubui, nikitoka kuya huku, nimemuacha mu shamba. Ametoa jembe, alikuwa anachimba."

Mama Zawadi aliinuka akasema chakula kiko tayari, ingawa hakijaiva, na Kavira akamfuata jikoni mbio.